Vidonge Katika Pindo la Kanga

Siku ya nne baada ya kupasuliwa, mama yangu mdogo alikuwa amelala chali kama gogo, macho yakitazama dari, wala hakutaka mtu yeyote aguse kitanda chake. Hakukohoa, ingawa kifua kilikuwa kinakoroma. Hakugeuka. Uji aliletewa akaurudisha. Asubuhi ile alikuwa na homa, na muuguzi alipokuja kumbadilishia shuka akamwomba ainuke kidogo, kanga yake ikaanguka chini na fundo la pindo likafunguka. Vikatoka vidonge vyeupe kumi na viwili.

Muuguzi akaviokota kimoja kimoja, akamwuliza kwa upole, “Mama, hivi ulikuwa unavitunzia nini?”

Akajibu, “Navitunzia maumivu yenyewe, yakija.”

Mimi nilikuwa nimesimama pale miguuni pa kitanda, kikapu mkononi. Nilisomea ualimu, leo ni karani wa parokia, na kazi yangu ni kuandika vyeti vya ubatizo na kuhesabu sadaka. Elimu ya uganga sina. Lakini tangu siku ile akina mama wa kwetu Mikindani wameniuliza mara nyingi, wengine kwa kunong’ona mlangoni mwa ofisi, habari za yule mama aliyetolewa kizazi, na kila mara swali lao la kwanza si kama atapona. Huuliza, “Iliuma namna gani?” Basi nimemwomba mama mdogo ruhusa niyaandike, naye amekubali, mradi jina lake lisitajwe. Haya mengine yanayohusu dawa na mwili nimeyapata kwa madaktari na wauguzi waliomtunza.

Alikuwa ametokwa damu kwa miaka miwili. Kila mwezi siku zilizidi, hata akawa anafika kanisani akiwa amejifunga kanga tatu, akikaa benchi la nyuma ili awe wa kwanza kutoka. Alikuwa mweupe viganja, akipanda ngazi tatu anatweta. Daktari aliona uvimbe mkubwa ndani ya kizazi, ule ambao madaktari huuita fibroidi. Si saratani, nao huwapata wanawake wengi sana, lakini wake ulikuwa mkubwa na damu ilikuwa inamwisha. Akashauriwa kizazi kitolewe. Alipangiwa siku, hakwenda. Akapangiwa ya pili, akasema ana msiba. Hospitali si mbali na kwetu: toka Mikindani hadi Mtwara mjini, iliko Ligula, ni kama kilometa kumi tu, na wako wanaosafiri mbali zaidi, hata Nyangao na Ndanda, kwa wale masista na madaktari ambao mababu zetu waliwazoea. Umbali haukuwa udhuru wake. Baadaye alituambia kwamba kifo hakumhofisha sana. Alikuwa na hofu ya kuamka. Jirani mmoja alikuwa amemwambia kwamba ukiamka unajisikia kama umekatwa vipande viwili, na kwamba ukikohoa tu nyuzi zinakatika na utumbo unatoka nje.

Maneno hayo ya jirani yalimwingia kuliko sindano zote.

Sasa tazama lilivyotokea. Alichomwa sindano ya mgongo, ile inayotia ganzi kutoka kiunoni kwenda chini. Upasuaji ukaenda vizuri, akaongezwa damu, akarudishwa wodini akicheka na binti yake. Lakini ganzi ya mgongo hudumu saa chache tu. Jioni vidole vya miguu vilipoanza kucheza, na maumivu nayo yakapanda. Hakuna aliyekuwa amemweleza kwamba ndivyo inavyokuwa. Yeye akadhani kitu kimeharibika ndani. Akanyamaza, akauma kanga, akajiambia: kama huu ndio mwanzo, mwisho wake utakuwaje? Na huko nyumbani hakuna sindano. Hapo ndipo alipoanza kuficha vidonge. Vya kuzuia wadudu wa kidonda alivimeza, maana aliambiwa bila hivyo kidonda kitaoza; lakini vile vya maumivu aliviweka akiba, kama mtu awekavyo mihogo mikavu kwa ajili ya njaa.

Ukifikiri, akili yake haikuwa mbaya. Mtu wa shamba huweka akiba. Kosa lilikuwa kutojua kwamba maumivu ya kidonda hayaendi kama njaa. Huwa makali siku mbili tatu za kwanza, kisha hupungua. Yale aliyokuwa anayangoja yalikuwa yamekwisha kufika, naye akayapokea bila dawa.

Daktari alimsikiliza kifua akasema sehemu ya chini ya mapafu haifunguki. Kwa siku nne alikuwa akivuta pumzi fupi fupi, ya juu juu, asije akaliumiza tumbo. Makohozi yakakaa chini, homa ikapanda. Kidonda chenyewe kilikuwa kikavu na safi. Kwa hiyo kilichotaka kumwua mama mdogo hakikuwa kisu cha daktari. Ilikuwa hofu ya maumivu. Hofu hukaza misuli, misuli iliyokazwa huvuta kidonda, kidonda kikavutwa kinauma, na kikiuma hofu inazidi. Mwingereza mmoja, Dakta Grantly Dick-Read, aliandika juu ya jambo hili tangu mwaka 1933 akiwaangalia wanawake wanaojifungua, na ingawa si kila alichokisema kimekubaliwa, hili la hofu na mwili uliokazwa wauguzi wa leo wanaliona kila siku wodini.

Tena kuna jambo letu wenyewe. Msichana wa kwetu hufundishwa mapema kwamba mwanamke hujikaza. Anayelia wakati wa uchungu wa kuzaa husimangwa mpaka mtoto aote meno. Mimi siyadharau mafunzo ya wazee, yana mema mengi ndani yake, lakini kujikaza kitandani baada ya operesheni ni kitu kingine kabisa. Hata waganga wa zamani hawakumwacha mgonjwa ajikaze tu. Mwaka 1879 Mwingereza mmoja, Robert Felkin, alipita Bunyoro, katika nchi ambayo leo ni Uganda, na mahali paitwapo Kahura akaona mganga wa kienyeji akimpasua mama tumbo ili kumtoa mtoto. Kwanza alimpa mama yule pombe ya ndizi mpaka akalegea, akaosha mikono yake na tumbo la mgonjwa kwa pombe hiyo hiyo. Alipomaliza alifunga kidonda kwa misumari myembamba ya chuma na uzi wa gome la mti, akapaka dawa ya mizizi. Siku ya kumi na moja kidonda kilikuwa kimepona. Huyo mganga alijua kwamba maumivu yapunguzwe.

Habari hii nilimsimulia mama mdogo saa ya kuwatazama wagonjwa, maana mwalimu hata akiacha chaki haachi kusimulia. Nikamwongezea na ya Bibi Jane Todd Crawford wa Marekani. Mwaka 1809 bibi huyu alikuwa na uvimbe mkubwa katika ovari. Akapanda farasi, akasafiri karibu kilometa mia moja wakati wa baridi hadi Danville, kwa Dakta Ephraim McDowell, ambaye alimpasua siku ya Noeli. Dawa ya usingizi haikuwako bado. Ile ya etha ilionyeshwa hadharani huko Boston mwaka 1846. Bibi yule alilala mezani akisali zaburi kwa sauti huku anakatwa. Siku ya tano daktari alimkuta amesimama anatandika kitanda chake. Aliishi mpaka mwaka 1842, akafa akiwa na miaka sabini na minane.

Mama mdogo alisikiliza yote, akanyamaza kitambo, kisha akasema, “Yule hakuwa na vidonge vya kuficha.” Ndiyo mara ya kwanza alicheka tangu jioni ya operesheni, na kwa kucheka akajishika tumbo, akaona kwamba nyuzi hazikukatika.

Lakini lilikuwako neno moja zaidi moyoni mwake, nalo hakumwambia muuguzi wala mimi. Alimwambia padre alipomletea Komunyo. Alidhani kwamba kumeza dawa ya maumivu ni kukimbia msalaba. Padre akamjibu kwamba Mungu hakumwagiza augue mapafu. Akamweleza kwamba swali hilo hilo waliliuliza madaktari wa dawa za usingizi, na Papa Pio XII akawajibu tarehe 24 Februari 1957: Mkristo anaweza kuyapokea mateso kwa hiari yake, lakini hafungwi na sheria ya kuyataka maumivu kwa ajili ya maumivu, na ni halali kutumia dawa ya kuyapunguza. Wako pia wanaoogopa kwamba kutolewa kizazi ni dhambi, kwa kuwa huwezi kuzaa tena. Papa Paulo VI, katika barua yake Humanae Vitae ya mwaka 1968, alisema wazi kwamba matibabu ya lazima ya kuponya ugonjwa hayakatazwi, hata kama kwa sababu yake uzazi unazuilika, mradi si huo uzuiaji uliokusudiwa. Mama mdogo alikuwa na umri wa miaka arobaini na saba, na watoto watano, naye bado aliulilia mfuko ule. Hilo nalo tusilicheke.

Tangu siku hiyo mambo yakabadilika. Binti yake akaweka saa katika simu: saa kumi na mbili asubuhi, saa sita mchana, saa kumi na mbili jioni, saa sita usiku. Kila ikilia, vidonge viwili vya parasetamoli, iwe anaumwa au haumwi. Hapo ndipo penye siri ambayo wengi wetu hatuijui. Ukingoja maumivu yapande hadi kichwani ndipo umeze, dawa inakuwa kama mtu anayekimbiza basi lililokwisha ondoka. Ukimeza kwa saa, maumivu hayapati nafasi ya kusimama. Ila visizidi vinane kwa usiku na mchana, maana vikizidi huharibu ini, tena uangalie usije ukanywa na dawa ya mafua ambayo ndani yake mna parasetamoli ile ile. Alipewa pia diklofenaki, ya kumeza baada ya kula. Mwenye vidonda vya tumbo au ugonjwa wa figo hana budi kumwambia daktari kabla ya kuigusa. Na dawa ikishindwa kutuliza, mgonjwa aseme. Muuguzi mwenye vitanda ishirini haoni maumivu ya mtu aliyenyamaza.

Kisha wakamfundisha kukohoa. Alikunja kanga mbili zikawa kama mto mdogo, akaukandamiza juu ya kidonda kwa mikono miwili, akavuta pumzi ndefu mpaka chini, akakohoa. Iliuma, hakukana, lakini iliuma kidogo kuliko alivyodhani, na makohozi yakatoka. Kila saa akiwa macho alivuta pumzi ndefu kumi. Wakamwinua pia namna inavyofaa: kwanza kukunja magoti, kugeukia ubavu kama gogo linavyobingirishwa, kushusha miguu, ndipo kujisukuma kwa kiwiko. Asijivute kwa tumbo. Siku hiyo alitembea mpaka dirishani, kesho yake mpaka mwisho wa wodi. Kutembea si ukatili wa wauguzi, kama wengine wanavyonung’unika. Damu ya mtu aliyelala bila kusogea huweza kuganda katika mshipa wa mguu, na donge lile likipanda kifuani huua ghafula. Hata aliye kitandani achezeshe nyayo, juu na chini.

Kuhusu choo nitasema waziwazi, kwa kuwa hakuna asemaye. Mama mdogo alikuwa amekataa chakula kwa sababu aliogopa kwenda haja na kujikamua. Wengi hufanya hivyo, na matokeo ni kinyume cha walivyotaka: tumbo likikaa bila chakula wala maji, choo hukauka kikawa kigumu kama jiwe. Upepo nao hujaa tumboni baada ya upasuaji, na maumivu ya upepo huo, yanayozunguka huku na huko, ndiyo yaliyomtisha kuliko kidonda. Dawa yake ilikuwa kutembea, maji mengi, uji mwepesi, papai na matembele. Siku ya sita mambo yakafunguka, na nyumba nzima ikafurahi kana kwamba mtoto amezaliwa.

Akaruhusiwa kurudi. Bajaji ilikwenda polepole, yeye amekumbatia mto tumboni, na kila tulipofikia tuta la barabarani dereva alisema, “Mama, tuta,” naye akaukaza mto. Nyumbani baba mdogo alikuwa amekwisha tengeneza vitu viwili ambavyo ningependa kila mume avifikirie kabla mkewe hajarudi. Kitanda chao cha kamba kilikuwa kimelegea katikati kama chandarua, na kutoka ndani ya shimo lile hata mzima huhitaji tumbo lenye nguvu. Basi alikiwamba upya kikakaza. Na kwa kuwa choo chao ni cha kuchuchumaa, alichukua kiti cha zamani, fundi akakitoboa katikati, kikawekwa juu ya tundu. Kazi ya nusu siku.

Shida ilitoka kwa bibi zetu. Wao walikuja na sufuria ya maji ya moto wamkande, na mkaja wamfunge tumbo kwa nguvu, kama afanyiwavyo aliyejifungua. Walikuja kwa upendo. Binti akawaamkia, akawakalisha, akawaeleza kwamba muuguzi amekataza: kidonda kipya hakikandwi kwa maji moto, hakifungwi kikabanwa, wala hakipakwi majani wala majivu. Kioshwe kwa maji safi na sabuni, kikaushwe, kiachwe. Bibi mmoja alikasirika akaondoka, lakini kesho yake alirudi na pweza mbichi kwa ajili ya supu, na wote wakajua kwamba yamekwisha.

Kwa majuma sita hakubeba ndoo. Ndoo ya lita ishirini ni kilo ishirini, na nyuzi za ndani huchukua muda kushika kuliko ngozi ya nje. Hakutwanga, hakukaa juu ya mbuzi kukuna nazi, hakuinamia jiko la kuni. Kisichozidi birika la maji alibeba. Mambo ya mume na mke nayo hungoja majuma hayo sita, na hadi daktari atazame na kuruhusu. Baba mdogo aliambiwa hivyo hospitalini uso kwa uso, ikawa vyema, kwa sababu mwanamke asiachiwe peke yake kazi ya kumweleza mumewe. Walimwambia pia kwamba mkewe hakuwa gunia tupu, kama watu wasemavyo barazani. Pale kizazi kilipokuwa, utumbo hujisogeza ukapajaza. Ovari zake ziliachwa, kwa hiyo mwili haukubadilika ghafula. Zikitolewa zote mbili, joto la ghafula na jasho la usiku huja upesi, na hapo mtu amwone daktari.

Hofu haikuondoka siku moja. Usiku wa juma la tatu aliamka akilia kwamba kidonda kinachoma. Kilikuwa kinawasha na kuvuta, basi, kama kovu lolote linavyofanya, na ngozi ya pembeni ilikuwa na ganzi, ambayo huweza kukaa miezi. Walichomfaa hospitalini ni kumwandikia katika karatasi maumivu ya kuogopa, ili mengine yote asiyaogope. Karatasi ile ilibandikwa ukutani kando ya kalenda ya parokia: homa, kidonda kuwa chekundu, kuvimba au kutoa usaha, uchafu wenye harufu mbaya kutoka chini, damu nyingi mbichi, wakati kidogo ya rangi ya kahawia kwa majuma machache si neno, mguu mmoja kuvimba na kuuma nyuma chini ya goti, kukosa pumzi au kuchomwa kifuani, tumbo kujaa na kutapika, kushindwa kukojoa. Moja tu la hayo, aende hospitali saa ile ile, usiku au mchana. Akiamka na hofu, binti alikuwa akisoma karatasi kwa taa ya simu, neno kwa neno, na mama akijibu, “Hapana. Hapana. Hapana,” mpaka mwisho, kisha wakalala. Mara moja tu alijibu ndiyo, kwa habari ya mkojo, wakaenda, akatibiwa, wakarudi siku ile ile.

Katika juma la saba alikuja Misa kwa miguu yake, amevaa kanga moja, akakaa benchi la tatu kutoka mbele. Baada ya Misa mama mmoja wa jumuiya yao, ambaye amepangiwa siku yake huko Mtwara, alimvuta kando. Sikusikia yote. Nilimwona mama mdogo akifungua pindo la kanga yake, akimwonyesha kwamba mna noti ya elfu mbili tu, kisha wote wawili wakicheka.

Juzi tulipanda bajaji pamoja kwenda mjini. Dereva alipofika kwenye tuta, mkono wa mama mdogo ulikwenda wenyewe juu ya tumbo. Nikamwuliza kama bado panauma.

“Hapaumi tena, mwanangu,” akasema. “Ila mkono umeshazoea.”